Mwalimu, Koti na Ardhi Tupu

Kwanza koti. Huwezi kumweleza Mwalimu bila koti lake. Lilikuwa la rangi ya chungwa bivu, limejazwa manyoya ya bata, lina kofia ya kufunika mpaka nyusi na mifuko kumi na mmoja, mitatu kati yake hakuna aliyewahi kujua ni ya nini. Alilivaa Guangzhou, mji ambao mwezi wa saba ukitoka bafuni unatamani kurudi. Maabara yetu ya ramani ilipozwa mchana kutwa ili kompyuta zisiugue, na binadamu tukaachwa tujipange wenyewe. Sisi wanafunzi tulikuja na sweta. Yeye alikuja amevaa kama mtu aliyeambiwa ndege ya kwenda Aktiki inamsubiri nje.

Alilinunua Guangyuan Xilu, kwenye yale majumba ya nguo za jumla ambako muuzaji hakuuzii kimoja. Aliambiwa achukue dazeni. Mwalimu akasimama pale, akaeleza kwa Kichina chake cha vitabuni kwamba yeye ni mtafiti wa uoto wa Aktiki na kwamba kazi hiyo haihitaji makoti kumi na mawili. Muuzaji hakuinua hata kichwa. Aliyemwokoa ni Maman, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuwa akifunga magauni yake ghorofa hiyohiyo. Alimwambia laoban, yaani mwenye duka, aliingize lile koti kwenye mzigo wake, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo Maman akawa rafiki wa Mwalimu na mkosoaji wake mkuu.

"Weye Mwalimu," alimwambia siku moja mbele yangu, "unapima majani ya kule, na kule haujafika hata siku moja. Franchement, kusema kweli, iko kazi gani ile?"

Mwalimu alijibu kwamba daktari wa macho haingii ndani ya jicho. Maman akasema daktari wa macho walau anamwona mgonjwa. Nilimpa Maman ushindi, kimoyomoyo, kwa sababu Mwalimu ndiye aliyekuwa akisahihisha kazi zangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Setilaiti inapita juu ya dunia na kupiga picha kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Jani lenye afya linaurudisha mwanga huo kwa wingi, na sisi kwenye skrini tunaupaka rangi nyekundu. Halafu mwanafunzi, ambaye amezaliwa kusikojua theluji, anaketi na kuifundisha kompyuta: hapa ni vichaka vya mierebi mifupi, hapa nyasi za majimaji, hapa mawe. Anachora mipaka kuzunguka vipande mia tatu na kitu, kisha kompyuta inamalizia bara zima, kwa kiburi cha mtoto aliyeiba majibu ya mtihani. Makundi yetu yalikuwa saba. La saba liliitwa ardhi tupu, likapewa rangi ya kijivu.

Pale maabara kundi hilo tuliliita meiyou. Ndilo neno ambalo wauzaji wa Guangyuan Xilu wanakupa ukiuliza saizi nyingine: hakuna. Mara nyingi ipo, iko stoo, ila mtu hajisikii kunyanyuka akatazame. Tuliona tumebuni kichekesho cha maana sana, na hatukujua tunajitabiria.

Mwalimu alituita wote waheshimiwa. Alikuwa amefundisha jiografia sekondari huko Dodoma miaka mingi kabla hajapata nafasi ya kuja kusoma, akamaliza udaktari wake, akabaki pale chuoni kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Bunge lilimkaa kooni. Ukimpelekea wazo jipya alikusikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono ndani ya lile koti, akasema, "Mheshimiwa, hoja yako imeletwa, imejadiliwa, imekataliwa." Ukianza kubisha alikukumbusha kwamba kikao kimeahirishwa. Mimi nami nimetokea Dodoma, nikadhani tutapendeleana. Hoja zangu zilikataliwa kwa lafudhi ya nyumbani, basi.

Kusifia alikuwa mgumu. Miaka minne niliyokaa chini yake nilisifiwa mara mbili, na mojawapo ilikuwa kuhusu namna ninavyosonga ugali. Jumapili alikuwa akitualika kwenye chumba chake cha kupanga Sanyuanli, juu ya ofisi za wasafirisha mizigo, na unga alioletewa na Maman. Alipika yeye, akagawa yeye, akatukaripia yeye. Alipinga sana ubadhirifu wa chakula na alikuwa akiunguza sufuria kila wiki.

Alikuwa na misemo, na mingine ilikuwa yake kweli. Ule tuliouchoka kuliko yote ulikuwa huu: ramani bila miguu ni uvumi. Maana yake ni kwamba lazima mtu aende akakanyage pale alipochora, aone kama ni nyasi au ni ndoto. Alitueleza hayo kila muhula, kwa ukali, mtu ambaye miguu yake haikuwahi kuvuka mpaka wa kuelekea kaskazini. Kila kiangazi msafara wa chuo wa kwenda Aktiki ulikuwa na nafasi chache, na kila kiangazi nafasi zikaenda kwa wale ambao pasi zao hazikuwapa wenye ubalozi maswali. Mwaka mmoja alikaribia kabisa. Alinunua soksi za sufi. Wiki mbili kabla ya safari akaambiwa bajeti imepungua, akasema vizuri, ataendelea na kazi, akaziingiza soksi kwenye mmoja wa ile mifuko ya koti na hatukuzisikia tena. Sisi tulicheka siku nzima. Nakumbuka nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiigiza anavyozijaribu.

Msemo wake mwingine ulikuwa mfupi: macho hayana pazia, lakini yana kwao. Alimaanisha kwamba mtu hutazama nchi ya wenzake kwa macho ya nchi yake. Alimwambia hivyo Mkenya mmoja aliyeona kila doa la kijani akadhani ni shamba la chai. Aliniambia mimi nilipotupa picha kadhaa kwa sababu zilipigwa saa tano usiku. Aliniuliza ni usiku wa nani, maana kule kiangazi jua halitui. Nikaona aibu, nikaziokota picha zangu. Msemo ule niliuandika kwenye karatasi nikaubandika juu ya skrini, na chini yake hasa, nikiwa nautazama kila siku, ndipo nilipofanya kosa lililommaliza.

Nilikuwa nachora eneo moja la vilima, kazi ya tasnifu yangu. Kulikuwa na mabaka makubwa, meupe kwa ukijivu, yasiyo na wekundu wa majani. Sasa, mtu wa Dodoma haulizwi maana ya ardhi nyeupe. Ukisimama juu ya kilima kwetu ukaona bonde limekuwa jeupe, unajua ng'ombe na mbuzi wamemaliza, kilichobaki ni vumbi. Niliyazungushia mabaka yale mpaka, nikayaweka kundi la saba. Kompyuta ikanisadiki, ikaenda ikayapaka kijivu yote yanayofanana nayo, kilima kwa kilima.

Utaratibu wa maabara ulitaka mtu wa pili ahakiki kwa kulinganisha na picha za karibu walizopiga wenzetu waliokwenda. Mtu wa pili alikuwa Mwalimu. Nilimfungulia picha moja ya yale mabaka: udongo uliofunikwa na kitu cheupe chenye mikunjo, kikavu. Aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema hiyo ni chumvi, kama ile ya Bahi, kule kwetu, mbuga ikikauka. Nikasema ndiyo Mwalimu, chumvi kabisa. Tukaikumbuka Bahi kwa dakika kumi, samaki wake na barabara yake, kisha akatia sahihi. Kosa lile lilihitaji watu wawili wa Dodoma, na bahati nzuri walikuwepo.

Haikuwa chumvi. Ilikuwa likeni, kitu kisicho jani wala uyoga, kinachoota taratibu mno juu ya udongo baridi, na ndicho chakula kikuu cha majira ya baridi cha wale wanyama wenye pembe za matawi ambao Mwalimu aliwaita kulungu wa baridi. Watu wa kule huwafuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Na kinyume kabisa cha kwetu, ardhi yao ikiwa nyeupe ndiyo imeshiba. Kulungu wakila kupita kiasi ndipo inapogeuka kuwa nyeusi. Kwa hiyo pale palipokuwa na malisho bora kuliko kote, sisi wataalamu tuliandika hakuna.

Hayo hatukuyasoma kitabuni. Tuliambiwa mbele za watu. Chuo kilifanya warsha, na miongoni mwa wageni alikuwepo mama mmoja wa jamii ya wafugaji wale, mtu wa maneno machache, aliyetembea na feni ndogo ya mkono aliyoinunua kituo cha metro kwa sababu ya joto letu. Ramani yetu ilipowekwa ukutani alinyanyuka, akaisogelea mpaka kivuli chake kikaifunika nusu. Akauliza kwa nini malisho ya ukoo wake yamepakwa kijivu. Kisha akaeleza, kupitia mkalimani, kwamba kampuni moja ya kuchimba mawe imeanza kuulizia kupitisha barabara mahali hapo, na wakipinga wanaonyeshwa karatasi inayosema ni ardhi tupu. Karatasi hiyo ilikuwa rasimu yetu.

Mwenyekiti wa kikao akauliza nani alichora eneo lile.

Nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka kwa Mwalimu. Tasnifu yangu ilikuwa iingie kwa wasahihishaji wiki mbili baadaye, na ufadhili wangu ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Nikatazama kamba za viatu vyangu. Zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Nikasikia zile nailoni za koti zikikwaruzana, maana mtu aliyevaa lile koti hakuweza kunyanyuka kimyakimya.

"Ni mimi," alisema Mwalimu. "Nilitazama nikaona chumvi."

Akaomba ramani iondolewe, irudiwe upya, na barua ziandikwe kwa kila aliyepewa rasimu. Ikaondolewa, barua zikaandikwa. Mama yule akamshika mkono kwa mikono miwili. Mkataba wa Mwalimu ulipofika mwisho wake haukuongezwa tena, kwa maneno ya heshima sana, yenye shukrani tele. Tasnifu yangu ilipita, ikiwa na sura moja pungufu.

Nilimfuata kumshukuru. Alikuwa anafungasha vitabu vyake kwenye mfuko mkubwa wa nailoni wa wafanyabiashara, ule wa mistari.

"Usinishukuru," aliniambia. "Wewe ulitazama hukuona. Mimi niliona bila kutazama vizuri, nikatia sahihi kwa ajili ya Bahi. Tumegawana."

Hatukuwa tumegawana. Yeye alichukua kosa lote, mimi nikachukua shahada, nikarudi Dodoma, nikawa mhadhiri. Nafundisha haya haya: setilaiti, ramani, makundi saba. Na kwa kuwa wanafunzi husinzia baada ya chakula cha mchana, nilihitaji hadithi ya kuwaamsha. Niliwasimulia habari za mwalimu mmoja Guangzhou, mwenye koti la rangi ya chungwa, aliyeona malisho ya watu akasema ni chumvi ya Bahi. Niliigiza na miwani. Darasa lilicheka kila mwaka, na kila mwaka niliipamba kidogo. Mchoraji hakuwemo kwenye hadithi. Mwalimu alichora mwenyewe, akahakiki mwenyewe, akajidanganya mwenyewe. Naisema hivi sasa kwa urahisi, lakini wakati ule sikuona kuwa nimemwibia mtu mara ya pili.

Mwezi wa nne uliopita nilirudi Guangzhou kwa mafunzo mafupi. Yalikuwa majira ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, mji umejaa wanunuzi, na kwenye metro nikakutana uso kwa uso na Maman, amenenepa, amebeba sampuli za vitenge. Nilimuuliza habari za Mwalimu.

"Mwalimu wako iko Sanyuanli, anatumika kazi na siye," alisema. "Anapanga ballots za nguo ndani ya kontena sawa vile anachora ramani. Hata nafasi ya sabuni haibakiake. Enda umusalimie, weye ndiye unamusahau."

Nilimkuta mchana, ofisi ya mizigo ya chini kabisa, amechuchumaa na futi ya fundi shingoni, anapima furushi la suruali za jinzi. Mtu aliyepima tundra kutoka angani sasa anapima jinzi kutoka sakafuni. Nilikuwa nimeandaa kichekesho kuhusu hilo, nikakiacha mlangoni. Koti lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, limefunikwa mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mheshimiwa." Hakusimama mara moja, goti lilikuwa linamsumbua. "Nasikia mimi ni mfano mzuri darasani kwako."

Ikawa mwanafunzi wangu mmoja amepata ufadhili, amekuja kusoma hukohuko, akaalikwa ugali wa Jumapili kama tulivyoalikwa sisi. Baada ya kushiba akamsimulia mwenyeji wake hadithi ya kuchekesha kutoka chuo cha Dodoma, yenye koti na chumvi ya Bahi. Hakujua anamsimulia nani. Mwalimu aliniambia yule kijana anaigiza vizuri sana, hasa pale kwenye miwani.

"Naye alipocheka," akasema, "nikacheka. Hadithi tamu. Ina pengo moja tu."

Nilitamani anitukane. Ningejua pa kuanzia. Badala yake alifungua droo akatoa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, imekunjwa mara nyingi. Alinimiminia kiganjani kitu cheupe, chepesi, chenye vijitawi vingi vilivyosokotana, kikavu kama mkate wa juzi. Niliwahi kuchora kilomita kwa kilomita za kitu hicho na sikuwahi kukigusa. Alisema yule mama alimtumia, baada ya wao kuandikiana kwa miaka kadhaa.

"Ndiyo meiyou yetu," akasema. "Inuse."

Nikanusa. Ilikuwa na harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza, na nikaogopa kwamba nitalia mbele ya vibarua wa mizigo.

Bahasha ya pili ilikuwa na barua ya mwaliko. Wafugaji wale walipanga kuitembelea ramani mpya kwa miguu mwezi wa nane, kilima kwa kilima, waondoe makosa yaliyobaki, na walitaka mtu wa ile ramani ya kwanza awepo. Nauli imelipwa, barua ya ubalozi imeandaliwa. Jina lililoandikwa humo lilikuwa langu. Nikamuuliza imekuwaje, wakati wao wanamfahamu yeye. Akaninyang'anya futi niliyokuwa nimeiokota bila kujua, akaikunja taratibu.

"Walinialika mimi. Nikawaambia ukweli, kwamba aliyechora ni mwanafunzi wangu, ana macho mazuri, ila bado yako Dodoma."

"Mwalimu, safari hii ni yako. Umeisubiri tangu sijakujua."

"Hoja imeletwa, imejadiliwa," alisema.

Sikumsikia akimalizia. Nilimwambia kwa kunong'ona kwamba nikifika kule wataniuliza mbele ya watu nani aliyeandika hakuna.

"Waniulize mimi? Sitakuwepo," akasema. "Safari hii utanyanyuka mwenyewe."

Kisha akaenda akichechemea mpaka nyuma ya mlango, akalitoa koti kwenye plastiki, akalikung'uta, akanishikia mabegani kama mtu anavyomvisha mtoto joho la mahafali. Nilisema nitalibeba mkononi. Alisema halikunjiki, yeye ameshapima, kwenye begi langu haliingii. Aliniangalia toka juu mpaka chini, akasema linanipwaya, na kwamba nitakua.

Nikatoka Sanyuanli saa nane mchana, mwezi wa nne, nimevaa koti la Aktiki. Wapakiaji waliacha kupakia. Muuza matunda alimwita mke wake aje aone. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu, na sikulivua, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona inakuwaje kuchekwa na kuendelea kutembea. Ndani ya metro nilipata kiti kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta simu, nikakosea mfuko, nikakuta kitu laini. Zilikuwa soksi za sufi, jozi tatu, bado zina karatasi ya dukani.

Nilikaa nazo mapajani vituo vinne. Halafu nikapata simu, nikaliandikia darasa langu la Dodoma kwamba nikirudi nitaisimulia upya ile hadithi ya chumvi, kwa sababu nilimwacha mtu mmoja, yule aliyeichora ramani, na mtu huyo ni mimi.